Mzinga wa Binti wa Inyonga

Sikumpenda mwalimu wa kilimo, na sababu naijua: nilimwonea wivu. Miaka ile ya sabini nilifundisha sanaa katika chuo cha ualimu pale Mpanda, na nilijiona ndiye pekee chuoni aliyesomea habari za uzuri. Yeye alifundisha matuta na mbolea. Lakini jioni wanafunzi walimzunguka yeye; mimi walinipa shikamoo na kupita.

Basi nikapanga somo la kuwavuta. Kabla ya likizo niliwaambia kila mmoja arudi na kitu kizuri kutoka kwao, tujadili uzuri ni nini. Wakaja na vitambaa vya kudarizi, maua ya plastiki, picha ya kalenda ya kanisa. Binti mmoja wa Inyonga alishuka kwenye basi na mzinga wa nyuki, gome la mti lililokunjwa na kubanwa kwa vijiti, bado unanuka moshi. Darasa likacheka. Nami, badala ya kuwanyamazisha, nikatamka kisomi kwamba kifaa cha kazi hakiwezi kuitwa sanaa. Nikamwita mwalimu wa kilimo aje auchukue, akauweke stoo pamoja na majembe.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mwalimu wa kilimo aliuinua mzinga, lakini hakuondoka. Akapitisha kidole kwenye maungio, taratibu.

"Nani kautengeneza huu?"

"Baba," binti akajibu.

"Mbona vijiti kavipanga sawasawa hivi? Nyuki wanajali?"

"Hawajali, mwalimu. Ila baba anasema mzinga wa ovyo unamtia aibu porini, hata kama nyuki wameingia."

"Haya, nyie wengine mnaonaje?"

Darasa zima likalipuka. Walibishana mpaka kengele ya chakula ikalia, na hakuna aliyeinuka. Mimi nilisimama kando ya ubao wangu mwenyewe, chaki mkononi, roho inaniuma. Mabishano yale nilikuwa nimeyasubiri miaka miwili.

Kwenye mtihani niliuliza uzuri ni nini. Karibu wote waliandika habari za mzinga. Kwa hasira nikawakata alama, na kwenye karatasi ya binti yule nikaandika kwa wino mwekundu: "Haya ni mawazo ya mwalimu mwingine."

Akanifuata ofisini na karatasi yake.

"Samahani, mwalimu. Yule hakutuambia kitu. Alituuliza tu."

Nilimrudishia alama zake, na za wenzake pia. Hilo niliweza. Kumsema mwenzangu kwa wema ndiko kulikonishinda. Alipohamishwa, mkuu wa chuo aliniomba nimuage kwa niaba ya walimu. Ukumbi ulijaa, binti yule akiwa safu ya mbele, wote wakinisubiri niseme jambo ambalo kila mmoja wao alilijua. Nikasimama, nikakohoa, nikasifia kabichi zake.