Mguu Wangu, Mkono wa Shangazi

Niliondoka Musoma kwa sababu Shangazi Nyangeta alinipigia simu kutoka Butiama akasema, "Njoo na leseni yako." Zamani alikuwa dereva wa lori la pamba Bunda, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Sasa pikapu yake kuukuu ilikuwa imepata mnunuzi, mwalimu wa udereva huko huko Bunda. Masharti yake yalikuwa mafupi: ikifika inatembea, ataifundishia wanafunzi; ikifika inavutwa kwa kamba, anaikata chuma chakavu.

Mimi nauza dagaa Mwigobero, pale Musoma, na gari langu ni otomatiki. Gia za mkono nilizigusa mara ya mwisho siku ya mtihani. Hilo sikumwambia.

Butiama, saa mbili asubuhi. Nilimkuta ameshavaa koti la kazi, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda. Goti limemgomea, hawezi kukanyaga klachi. Vijana wa pale wenye leseni wanajua otomatiki tu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Klachi unaijua?"

"Nimeisahau."

Nilidhani atanifukuza. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi wewe leta mguu, mkono ninao."

Tukakaa hivi: mimi kwenye usukani, yeye kushoto kwangu, kiganja juu ya gia. Akisema kanyaga, nakanyaga klachi; akisema achia, naachia polepole. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo vijana wakatusukuma. Nikaachia kwa pupa, ikazima. Wakasukuma tena. Safari hii iliwaka, ila mguu wangu wa kushoto, uliozoea kukaa bure, ukarukia breki, na Shangazi akajigonga kwenye dashibodi.

"Huu mguu ulisomea wapi?" akauliza, anajipapasa paji la uso. Vijana wakasukuma mara ya tatu, na wala hawakuficha kicheko.

Kiabakari tulipita tukiwa tumeshazoeana, na hapo ndipo nilipoona maajabu. Shangazi alikuwa amefumba macho. Haangalii barabara, haangalii mshale wa mwendo, anasikiliza injini tu. "Inalia," anasema. "Kanyaga." Gia inaingia kimya, kama mwiko kwenye uji. Miaka yote hiyo naendesha, na sijawahi kusikia gari likiniambia kitu.

"Nilikuwaga napita hapa na marobota ya pamba, mvua, taa moja," akasema. "Ukiangalia gia, umeshaingia mtaroni."

Kwenye mwinuko wa Balili, Bunda inakaribia, foleni ikasimama. Mbele lori, nyuma lori. Ikizima hapa hakuna wa kutusukuma wala pa kuserereka. Ni kamba tu. Nakiri, niliogopa.

Shangazi alivuta handbreki. "Achia nusu," akasema kwa sauti ya mtu aliye jikoni kwake. "Bado. Sikiliza kwa mguu."

Chini ya unyayo wangu kitu kikatetemeka, kisha kikashika.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Mafuta." Nikaongeza mafuta, akashusha handbreki, na pikapu ikapanda.

Bunda, mwalimu alikuwa getini, kamba begani. Akasikiliza injini, akazunguka gari zima, halafu akaenda kuitundika kamba ukutani. Wanaotaka gia wamebaki wachache, alituambia, lakini watajifunzia hii. "Nani kaiendesha?"

"Sisi," akasema Shangazi. Akaigonga bodi mara mbili kwa kiganja, akageuka.

Jioni tulirudi kwa teksi ya otomatiki, tumekaa kiti cha nyuma. Nilikuwa nawaza kwamba miaka yote magari yamenibeba tu, na leo ndiyo siku niliyoendesha, tena nusu. Tukipanda Balili kutoka upande wa Bunda, injini ikaanza kulia. Nikamwona Shangazi, macho amefumba, mkono wake wa kulia unakunjika juu ya paja.

"Kanyaga," akanong'ona.

Nikatazama chini. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshakandamiza sakafu.

"Nimekanyaga, Shangazi."