Matuta ya Mzee Ambakisye

Mzee Ambakisye alipostaafu ukarani wa wilaya pale Sumbawanga, hakurudi kwao Tukuyu. Alijenga Chanji, mtaa wa pale pale mjini, akaitundika barua yake ya kustaafu ukutani, na kila mgeni alisomewa mstari mmoja hata kama hakuuliza: mstaafu na mkewe watatibiwa bure katika hospitali za serikali. Kwake yeye habari ya maradhi ilikuwa imekwisha hapo.

Basi majirani zake Wafipa walipoanzisha chama cha kuuguzana, alicheka mpaka akakohoa. Mwenyekiti wao, Mama Bertilla, alimweleza kwa upole kwamba chama hakishindani na serikali. Serikali inatoa daktari na dawa. Chama kinaziba pale inapoishia, yaani nauli ya mgonjwa, chakula cha anayemuuguza, na mikono ya kumlimia akiwa kitandani. Walikuwa na shamba moja la wagonjwa, na ulezi wake ndio akiba. Ambakisye akajibu kwamba yeye ana mwavuli wa serikali. Wa pili angeushika kwa mkono gani?

Shambani kwao, hata hivyo, hakukosa. Wafipa hulima ntumba, matuta ya mviringo yanayofukia majani yaoze yawe mbolea. Kazi hiyo hufanywa kwa pamoja, na ikiisha, pombe ya ulezi hutoka. Mzee wetu, tuseme ukweli, aliipenda pombe ya Mama Bertilla kuliko alivyowahi kuipenda ofisi. Misimu minne alilima, akanywa, akarudi nyumbani akijisifu kwa mkewe, Tusekile, kwamba matuta yake hata Mfipa mwenyewe hayafikii.

Mwaka 1976 macho yakaingia ukungu. Gazeti alilishika mbali, kisha karibu, kisha hakulishika tena. Mtu aliyekuwa akiwasomea watu wa mtaa mzima barua zao alibaki kuuliza nani kapita, na jambo hilo lilimuuma sana. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, atapasuliwa Dar es Salaam, bure. Ambakisye akatabasamu. Daktari akaendelea: nauli ya watu wawili, chakula cha mkewe siku zote za kuuguza, na miwani ya kuvaa baadaye, kwa hayo watajitegemea. Bila miwani hiyo, herufi asingezisoma tena.

Mzee akauliza, sasa barua yake ilikuwa na maana gani.

"Ina maana ile ile iliyoandikwa, mzee," daktari akasema. "Kutibiwa."

Kanuni ya chama aliijua vizuri, kwa kuwa ndiyo aliyoicheka zaidi: hakuna kujiunga ukishaugua. Alikwenda kwa Mama Bertilla hivyo hivyo, Tusekile kamshika mkono, akaomba radhi tu, si msaada. Mama Bertilla akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza nani alimwambia hajajiunga. Chama chao hakikuwa na fomu. Aliyelima shamba la wagonjwa kila msimu ndiye mwanachama.

"Ulidhani tunakunywesha bure, Mzee Ambakisye? Misimu minne matuta yako tunayahesabu."

Mtu mzima akalia huku anacheka, na Tusekile akamcheka bila huruma.

Ulezi ukauzwa, wakasafiri, na baada ya miezi mitatu walirudi, mzee akiwa na miwani minene puani. Gazeti lilimngoja mezani. Yeye akataka kwanza apelekwe shambani, ayaone matuta yake aliyoyalima kabla ya safari.

Alisimama pembeni mwa shamba akitazama huku na huku kwa furaha. Kisha akauliza yale madogo pale mwisho, kama vichuguu vya fuko, ni ya nani.

"Ni ya kwako," Mama Bertilla akasema.

"Na mliyahesabu?"

"Yote."

Ambakisye akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akaazima jembe la Mama Bertilla, akaanza kuyakuza moja moja, na siku hiyo hakuulizia pombe.