Kidoa cha Pembeni

Yule mwanajeshi wa droni, aliyepiga kambi pembeni ya mikorosho yetu hapa Mkunya, hamtazami mtu usoni. Ukimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba macho yakiwa kwenye kioo cha kuongozea ndege yake. Vidole gumba vyake havitulii; hata mama akimpelekea mihogo, vinachezacheza juu ya sahani. Anaongea chinichini, kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Ndege yenyewe huioni wala huisikii, lakini yenyewe inaona joto la mwili mpaka chini ya majani.

Leo asubuhi, ukungu haujaondoka, alituita mimi na mama. Kwenye kioo, katikati ya msitu mweusi, vidoa vyeupe vilikuwa vimekusanyika. "Mama, kule bondeni kuna watu?"

"Hakuna mtu, baba," mama akajibu, akageuza uso upesi. Kule ni jandoni, na kwetu mwanamke haruhusiwi kupaona wala kupataja mbele ya mgeni.

"Basi ni wale wenye silaha wa ng'ambo ya Mto Ruvuma," akasema kwa upole uleule, akainua redio. "Ngoja wenzangu washuke."

Mama akauziba mdomo kwa kanga. Nikasema mimi, binti yake. "Afande, ni watoto wetu hao. Wako jandoni. Mdogo wangu yumo."

Redio akaishusha. "Yupi?"

Nikaonyesha kidoa kilichojitenga, maana yule hapendi kubanana. Vidole gumba vikasogea kidogo, kidoa kikakua kikawa mtoto. Uso wake haukuwa na macho, ulikuwa weupe mtupu. Ukainuka kuelekea ndege, ukatutazama.