Feni Ilipomgeukia Mgeni

Hata leo, mwanangu, nikisikia feni kubwa ya karakana ikianza kuvuma, nakumbuka asubuhi ile ambayo lori la buluu la Mzee Rajabu lilinguruma kwa nguvu zake zote bila kusogea hata hatua moja, na kazi ya kaka yangu ikining'inia kwenye kioo cha kompyuta mbele yangu.

Nitakusimulia polepole, kwa sababu nakujua. Unapenda mashine, na apendaye mashine huwa na haraka ya kuona namba. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Wakati huo nilikuwa msichana aliyetoka chuo cha ufundi juzijuzi, nikifanya kazi kwa Fundi Ambani, hapa hapa Kakamega mjini. Fundi alikuwa amenunua mashine ya kupima nguvu za injini, ile tunayoiita daino. Magurudumu ya nyuma ya gari hukaa juu ya rola za chuma zilizo sakafuni, gari hufungwa kwa mikanda minene lisije likaruka, kisha aliye kwenye usukani hukanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari haliendi popote. Rola ndizo zinazozunguka, na kompyuta husoma jinsi zinavyosukumwa, ikakuambia injini ina nguvu za farasi wangapi. Watu walikuwa wakija kuitazama kama sinema. Mama mmoja muuza ndizi aliniuliza hao farasi tunawafungia wapi. Nikacheka, lakini nilimwelewa. Kwetu fahali tunamjua. Farasi tunamsikia tu.

Sasa, Mzee Rajabu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi kutoka Mumias, mtu wa swala tano na maneno machache. Alikuwa amenunua lori lililobadilishwa. Mwenye lori wa kwanza alilitia turbo kubwa, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, na kuifungulia pampu ya dizeli imwage zaidi, akaapa kwamba sasa linavuta kuliko malori yote ya njia ile. Dereva wake alikuwa kaka yangu Makokha, tuliyezaliwa naye Malava. Makokha alipakia magunia Lumakanda na kuyashusha Mumias, na kila safari alichelewa. Alisema lori linaishiwa nguvu kwenye vilima. Mzee Rajabu alisema lori ni zima, mwenye kuishiwa nguvu ni dereva.

Kwa hivyo walikuja wote wawili, wamekaa kabini bila kuzungumza, kama watu wanaokwenda kwa chifu.

"Asalaam aleikum," Mzee akasema, akimsalimia kila mtu mkono. Kisha akaniambia, "Binti yangu, najua huyu ni kaka yako. Mimi sitaki kumdhulumu. Lakini nililiendesha hili lori mwenyewe pale Mumias, likaruka kama swala. Likifika mikononi mwake linakuwa kobe. Malava iko njiani, na ni kwenu. Nasikia obusuma, huo ugali wa mama yenu, ni mtamu."

"Mzee, mimi silalangi njiani," Makokha akajibu, macho chini. "Na mama nimemwona mara ya mwisho Krismasi. Hata yeye ananilaumu."

"Basi mashine itasema. Ikisema lori ni dhaifu, nitakuomba radhi. Ikisema ni zima, utanipa ufunguo."

Umeona uzito uliokuwa pale, mwanangu? Makokha alikuwa na mke na watoto wachanga. Na zaidi ya kazi kulikuwa na jina. Dereva akishaitwa mvivu Mumias, habari hufika Lumakanda kabla yake.

Fundi Ambani alikuwa nyuma akimalizia gia boksi ya trekta. Akaniita, akasema, "Nekesa, pima wewe. Unaijua kazi." Nilivimba kichwa kidogo. Tukalifunga lori, nikaweka feni kubwa mbele ya rejeta, kwa maana lori lililosimama halipati ule upepo wa barabarani unaoipoza injini. Kijana mwenzangu mmoja akapanda kwenye usukani. Makokha hakuruhusiwa hata kugusa mlango.

Lori likanguruma, mabati ya paa yakatetemeka, na kompyuta ikaandika mia mbili na kumi, na lori zima la aina ile hutoa kama mia na themanini.

Mzee Rajabu hakufurahi, nisimsingizie. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetumaini kukosea. "Basi lori ni zima," akasema. Makokha akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo wa akiba.

Moyo ulinilipuka. Nikasema, "Ngoja kwanza, Mzee!" Nikaanza kuichunguza ile namba kama anayetafuta jiwe kwenye mchele. Na nililipata. Kakamega iko juu, mwanangu, na hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini inayojivutia hewa yenyewe hupungukiwa huku kwetu, ndiyo maana kompyuta ina mahali pa kuiongezea kidogo, ili ilinganishwe kwa haki na ya pwani. Lakini injini ya turbo ina wa kuisukumia hewa. Haipungukiwi vile. Ukiiongezea, umempakulia aliyeshiba sahani ya pili. Kompyuta ilikuwa imeachwa kwenye kuongeza. Nikaiondoa nyongeza, tukapima tena, ikatoka mia na themanini, bado namba ya lori zima.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma mabati, na Mzee Rajabu, kwenye kanzu yake nyeupe, alikuwa akitokwa na jasho mpaka ndevuni. Nililelewa vizuri. Mgeni wa makamo hawezi kuchemka mbele yako nawe unatazama. Nikaisogeza feni ikamwelekea yeye. Akanishukuru, akaniombea mume mwema.

Tukapima tena, mara ya tatu. Mia na hamsini.

Niliruka, mwanangu. Nilipiga makofi peke yangu. "Mzee, umeona! Lori ni dhaifu! Makokha, umeona!" Nikaanza kuifungua mikanda, namba niliyoitaka nimeipata. Makokha alishika ukuta kwa kiganja akapumua.

Hapo ndipo Fundi Ambani alipotokea akijifuta grisi kwa kitambaa. Akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Fundi."

"Kwa nini umesimama hapo, kwenye mia na hamsini?"

"Kwa sababu huo ndio ukweli."

"Ama kwa sababu huyo ndiye kaka yako?"

Hakusema kwa ukali. Fundi Ambani hakuwa mtu wa kelele. Alisema kama anayemwonyesha mtoto kamba ya kiatu iliyofunguka.

"Namba ya kwanza hukuipenda," akasema, "ukaichunguza mpaka ukapata kosa lake. Ulifanya vizuri. Hii umeipenda, hukuiuliza hata ilikotoka. Shika ile tairi."

Nikainama nikashika tairi ya nyuma ya kushoto. Ilikuwa ya moto na laini, upepo umepungua. Tairi laini hujikunja juu ya rola na kula nguvu kabla haijafika kwenye kompyuta. Sikuwa nimepima upepo kabla ya kuanza.

"Sasa feni inatazama wapi?"

Wote tukageuka. Feni ilikuwa inatazama kanzu ya Mzee Rajabu, nayo kanzu ikipeperuka kama bendera. Mbele ya lori hapakuwa na upepo wowote. Rejeta ilikuwa inatokota.

Mzee Rajabu akajitazama, akaitazama feni, kisha akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Kumbe mimi ndiye niliyekula upepo wa lori! Astaghafirullah. Binti, adabu yako imenipoza mimi ikamchemsha farasi."

Hata Makokha alicheka, ingawa najua moyoni alikuwa amerudi pale pale. Mia mbili na kumi ilikuwa ya uongo. Mia na themanini na mia na hamsini nazo zilikuwa zimeingia doa. Tulikuwa hatujui kitu.

Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Kila mtu huisema kuhusu wachumba. Mimi nilijifunza siku ile kwamba fundi naye huweza kuipenda namba, akaliita chongo kengeza mchana kweupe.

Fundi Ambani alitukalisha chini kwanza. Akaagiza chai na mihogo, akasema injini ipoe mpaka mshale wa joto urudi ulipokuwa asubuhi, na sisi tupoe nayo. Mzee Rajabu akahamishiwa kivulini mlangoni na kupewa gazeti la kujipepea. Tukazijaza tairi zote upepo sawa, tukakaza mikanda, feni ikarudishwa kwenye rejeta, na Fundi akaizungushia chaki sakafuni mahali iliposimama. "Hii," akasema, "hata gavana akija, haisogei."

Kisha akatueleza jambo ninalokueleza wewe leo. Ukitaka kulinganisha kipimo na kipimo, kila kitu kiwe kilekile: gia ileile, tairi zenye upepo uleule, joto lilelile la kuanzia, feni palepale. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, namba ikibadilika utajuaje ni kipi kilichoibadilisha? Na usichukue kipimo kimoja ukakibusu. Pima, kisha pima tena, kisha pima tena, uone namba zinakaa au zinatembea.

Tukapima. Mia na themanini na moja.

Makokha alitazama pembeni. Mzee Rajabu akakunja gazeti. Nikatafuta tena jiwe kwenye mchele, sikuliona. Tairi zilikuwa sawa, feni ilikuwa sawa, namba ilikuwa safi.

"Endelea," Fundi akasema. "Papo hapo, usiizime."

Mia na sabini.

"Tena."

Mia na hamsini na nane.

Sasa Fundi Ambani ndiye aliyesogea mbele. Mshale wa joto haukuwa umepanda, rejeta haikuchemka, tairi ngumu kama gogo. Hakukuwa na pa kuilaumu mashine wala adabu ya mtu. "Asubuhi ilishuka kwa sababu yako," akaniambia. "Sasa inashuka kwa sababu yake. Nenda ukaitafute."

Nikainua kabini, nikapitisha mkono juu ya paipu inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini. Yule aliyelibadilisha lori alikuwa ameunganisha pale kipande cha mpira wa maji, wa kawaida tu, kwa sababu ulitosha kipimo. Ukiwa baridi ulikuwa mgumu na ulishika vizuri. Ukipata moto ulilegea, ukavimba, na hewa ikawa inapenya kwenye ukingo wake. Nilimwita Mzee Rajabu aweke kiganja. Alikiweka, akasikia hewa ikimpuliza vidole injini ilipoongezewa mafuta.

"Mimi niliendesha Mumias," akasema hatimaye. "Asubuhi. Tupu. Dukani mpaka msikitini."

"Injini haijapata moto," Fundi akasema.

"Na huyu anapakia Lumakanda, anapanda vilima na magunia..."

"Hapo ndipo inachokanga, Mzee," Makokha akasema kwa sauti ndogo. "Ikitoka, inatoka vizuri tu. Nimekuambia hivyo siku zote."

Mzee Rajabu aligeuka akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nilikuhesabia usingizi ambao hukulala," akasema. "Nisamehe, kijana wangu. Na mama yako pia, kwa habari ya obusuma."

"Obusuma ni mtamu kweli, Mzee," Makokha akasema. "Ungejua, ungelala Malava wewe mwenyewe."

Tulifunga mpira wa kustahimili joto siku ile ile, tukapima mara nyingine tatu. Namba zilikaa, zikafuatana kama ndugu. Makokha aliliendesha lile lori miaka mingi, na Mzee Rajabu alipofariki, kaka yangu alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mwanangu, fikiria kama Fundi Ambani angechelewa kidogo kutoka nyuma. Ningempa Mzee ile mia na hamsini. Makokha angebaki na kazi, ndiyo. Lakini ningekuwa nimemwokoa kwa tairi laini na feni iliyopotoka. Siku Mzee angepeleka lori kwa fundi mwingine, asubuhi, injini ikiwa baridi, lingetoa mia na themanini, na tangu hapo kaka yangu angeitwa mvivu mwenye dada mwongo. Na ule mpira ungeendelea kuvuja, hakuna anayeujua. Ukweli wenyewe ulikuwa upande wetu, nami nilitaka kuondoka kabla haujafika.

Basi nasaha yangu ni hii, na haihusu malori peke yake. Namba usiyoipenda utaichunguza bila kufundishwa. Moyo wenyewe utakusukuma. Namba unayoipenda ndiyo uisimamishe mlangoni, uiulize jina la baba yake. Vivyo hivyo habari njema juu ya rafiki yako, na habari mbaya juu ya adui yako. Kipenda roho hula nyama mbichi, na wengi wameumwa tumbo. Ukitaka kumtetea unayempenda, mtetee kwa kipimo ambacho hata asiyempenda atakikubali.

Na adabu usiiache. Mgeni mpe kiti, mpe chai, mpe gazeti ajipepee. Feni ni ya lori.

Nenda sasa karakanani, wanakungoja. Mungu akujalie mkono mtulivu na sikio linalosikia injini inapolalamika. Awape unaowapenda haki yao bila wewe kuwaongezea. Na siku utakapopiga makofi mapema, akuletee mtu mwenye grisi mikononi, akuulize kwa upole: kwa nini umesimama hapo?