Faili Lililokataa Kuingia

Mtaani walimwita Mkasi, na hata mkewe alimwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kukata na kuunganisha video: harusi, mahafali, mikutano ya ukoo, chochote ambacho watu walitaka kibaki. Mkewe walimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mke alishika kamera, mume alishika kompyuta. Ofisi yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao wenyewe, na dirisha lake lilizibwa na pazia zito ili jua lisidanganye rangi kwenye kioo. Feni ilikuwa moja tu, na ilielekezwa kwenye kompyuta. Binadamu walijipepea kwa magamba ya diski za zamani.

Walikuwa na ugomvi mmoja ambao haukuwahi kuisha, na sidhani kama walitaka uishe. Kasuku alikuwa anaongea huku anarekodi. Kipaza sauti kilikaa juu ya kamera, kiganja kimoja tu kutoka mdomoni mwake, kwa hiyo kila alichosema kiliingia chote. Mchungaji anaomba, Kasuku anasema, "Shangazi wee, sogea kidogo, umemficha bibi harusi." Mgeni rasmi anahutubia, Kasuku anacheka peke yake.

"Mke wangu," Mkasi alikuwa akilalamika akivua vipokea sauti masikioni, "watu wameagiza harusi. Hawakukuagiza wewe."

"Basi nikate! Si ndiyo kazi yako?"

Naye alimkata. Alimkata kwa ustadi mkubwa, neno kwa neno, akaziba kila pengo kwa muziki, hata mteja hakujua kwamba nyuma ya kamera alikuwepo mtu. Kazi ikishakabidhiwa, alifuta marekodi yote ghafi ili diski ipate nafasi ya kazi nyingine. Hakuwa na kosa. Ndivyo wenye kazi hiyo wanavyofanya.

Jumamosi moja Kasuku alitoka mapema kwenda kurekodi harusi. Mkasi alibaki nyumbani akimalizia mahafali ya chuo fulani. Mchana simu ikaita, namba asiyoijua. Mtu aliongea kwa haraka, nyuma yake kelele za watu wengi. Mkewe alikuwa ameanguka ukumbini, maharusi wakiwa katikati ya viapo. Mkasi alifika hospitali na viatu visivyofanana miguuni. Daktari alimweleza kwamba mshipa ulipasuka kichwani, na kwamba hata wangemfikisha mapema zaidi, huenda isingesaidia. Mkasi aliitikia, "Sawa, daktari, sawa," kama mtu anayeelekezwa njia. Kisha akauliza anaweza kumwona mgonjwa saa ngapi.

Msibani ndipo alipogutuka mara ya kwanza. Walihitaji picha ya marehemu, na picha haikupatikana. Kinyozi hajinyoi. Mtu aliyepiga picha za nusu ya mji hakuwa na picha yake mwenyewe iliyo nzuri. Ikabidi waikuze ya kitambulisho, ile ambayo alikuwa akisema inamfanya afanane na mwizi wa kuku.

Mara ya pili ilitokana na mama mkwe. Mama huyo alikuja kwa mazishi, na watu walipotawanyika yeye akabaki, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumuuliza ataondoka lini. Yeye na mkwewe waliheshimiana kwa umbali, kama inavyopasa. Chumba cha kazi hakuwahi kukanyaga. Asubuhi moja alisimama mlangoni, khanga imefungwa kifuani, macho yakitazama sakafu.

"Baba," alisema, "huna mahali sauti yake ilipobaki? Mimi nimeanza kuisahau. Naukumbuka uso, sauti inanipotea."

"Ipo, mama," Mkasi alijibu bila kufikiri. "Itakosaje? Nitakutafutia."

Akatafuta. Diski ya kwanza, diski ya pili, ile iliyokuwa inatoa mlio kama nyenje. Harusi zilijaa tele, safi, zimepambwa kwa muziki, na ndani yake Kasuku hakuwemo hata pumzi. Alifungua simu yake. Mkewe hakupenda kutuma ujumbe wa sauti. Alisema kuongea na mtu asiyejibu ni wazimu, afadhali apige. Na simu ikishakatwa haibakizi kitu. Mkasi alikaa mbele ya kioo, akaelewa kwamba miaka yote ile alikuwa anamfuta mkewe kidogo kidogo kwa mkono wake mwenyewe.

Ilibaki kadi ya harusi ile ya mwisho. Begi la kamera lililetwa na watu wa ukumbini, na tangu siku hiyo lilikuwa juu ya kabati, halijafunguliwa. Huenda lingeendelea kukaa hapo, lakini bibi harusi mwenyewe alikuja, pamoja na mumewe, wakakaa ukingoni mwa kochi kama watu waliovunja kitu cha watu.

"Kaka, hatukuja kudai," bibi harusi alisema. "Pole ndiyo iliyotuleta. Ila kama siku moja utaweza, viapo vyetu viko kwake tu. Ukishindwa, tutaelewa. Kabisa."

Walipoondoka, Mkasi alipanda kwenye stuli akalishusha begi.

Ndani zilikuwemo kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya asubuhi: gauni linaning'inia, viatu, mikono ikifunga vifungo. Iliingia kwenye programu bila taabu, lakini haikuwa na sauti, maana Kasuku aliipiga kwa mwendo wa taratibu, na kamera ile ikipiga taratibu haichukui sauti. Ya pili ndiyo iliyokuwa kamerani alipoanguka. Ilikuwa na faili moja, kubwa. Mkasi alilivuta kwenye programu. Programu ikakataa: faili hili halitambuliki.

Alifanya yale ambayo angemwambia mtu yeyote afanye. Alinakili faili kwenye diski, asifanye kazi juu ya kadi. Alibadilisha kisoma kadi, akabadilisha kebo, akawasha kompyuta upya. Alijaribu kulicheza kwa programu nyingine, kisha kuligeuza umbo. Kila mahali jibu lilikuwa lile lile. Akabeba diski akaenda kwa jirani, mwanamke anayetengeneza kompyuta kwenye kibanda cha kona, ambaye watu wote walimwita Mama Diski.

Mama Diski alikuwa rafiki wa Kasuku wa damu. Alilichungulia faili muda mrefu, akijikuna kichwa kwa bisibisi.

"Halijafa," alisema. "Angalia uzito wake. Faili lililokufa ni jepesi kama ahadi ya mgombea. Hili limeshiba, picha zote zimo."

"Sasa mbona halifunguki?"

"Kamera inaandika picha kwanza. Ukibonyeza kusimamisha, ndipo inaandika mwishoni ramani ya kila kitu: picha hii inaanzia hapa, sauti hii pale. Bila ramani, kompyuta inaona fujo tu." Akaongeza polepole, "Yeye hakubonyeza kusimamisha, jirani. Kamera ilianguka, betri ikachomoka."

Wote wawili walikitazama kioo ili wasitazamane.

"Kuna programu ya kuliponya," Mama Diski aliendelea. "Lakini inataka faili zima, lililopigwa na kamera ile ile, kwa mipangilio ile ile, iige ramani yake. Hilo la mwendo wa taratibu halifai. Mipangilio ya kamera umeigusa?"

"Sijaigusa."

"Basi nenda karekodi chochote. Dakika chache tu. Kisha ubonyeze kusimamisha."

Kamera ilikuwa na ufa kwenye lenzi, lakini iliwaka. Mkanda wa shingoni bado ulikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya mkewe. Mkasi alisimama sebuleni, hajui arekodi nini. Hakuwa mtu wa kamera. Alirekodi kochi, akarekodi ukuta, akarekodi mlango wa jikoni. Mama mkwe akatokea humo na sufuria, akashtuka.

"Nifanye nini, baba?"

"Usifanye kitu, mama. Pita tu."

Mama alipita, taratibu mno, akiwa amejinyoosha kama anapita mbele ya wakubwa. Mkasi alibonyeza kusimamisha.

Programu ya Mama Diski ililitafuna faili mchana kutwa. Ilipomaliza, walirudi pamoja kwenye chumba cha kazi; Mkasi alilivuta tena, na safari hii liliingia. Picha zikajipanga kwenye mstari: ukumbi, maua, maharusi wanasimama. Lakini picha zilikuwa bubu. Sehemu ya sauti ilikuwa tupu kabisa. Mkasi aliweka kichwa juu ya kibodi, na herufi moja ikajiandika mfululizo kwenye kioo, mpaka Mama Diski akamwinua bega.

"Acha kulia juu ya mashine, itapata kutu. Sauti imo. Programu yako ndiyo haijui lugha yake. Itoe peke yake, uigeuze kuwa sauti ya kawaida, kisha uirudishe chini ya picha."

Alifanya hivyo. Mawimbi ya sauti yakachorwa kwenye mstari, na Mkasi, ambaye macho yake yalizoea mawimbi kuliko maandishi, aliyatambua kabla hajasikia. Yale marefu, mazito, ya karibu, yale ambayo miaka yote alikuwa akiyawinda ayakate.

Mama Diski aliona uso wake, akachukua bisibisi yake akaondoka bila kuaga.

Mkasi akavaa vipokea sauti.

"Shangazi yangu mzuri, nisogelee kushoto. Kushoto kwako, si kwangu. Hapo! Mungu akubariki." Kisha kicheko. Kisha akiimba kwa pua, wimbo usio na maneno, kama alivyofanya akikoroga chai. Bwana harusi akaanza kiapo, na Kasuku akanong'ona peke yake, "Analia huyu. Jamani, mwanamume analia. Wangu hakulia, aliniuliza nimeweka wapi chaja."

Mkasi alicheka kwa sauti chumbani, na kicheko kikamgeukia katikati.

Baada ya hapo Kasuku alinyamaza kwa muda, jambo lisilo la kawaida. Ikasikika pumzi. Akasema, "Ah, kichwa." Akasema tena, kwa sauti ndogo kama ya mtoto, "Ngoja kwanza." Picha ikainama, ikaonyesha dari, taa, miguu ya watu inayokimbia. Mkasi alivua vipokea sauti, akaviweka mezani, akatoka nje akasimama kwenye jua.

Kesho yake alimwita mama mkwe. Kwa mara ya kwanza mama aliingia chumba cha kazi, akaketi kwenye kiti cha binti yake. Mkasi alimvisha vipokea sauti mwenyewe, kwa mikono miwili. Mama alisikiliza amefumba macho. Kwenye kicheko midomo yake ilifunguka, kama anataka kujibu. Maneno ya chaja yalipopita, sauti ilikoma.

"Na mwisho wake?" aliuliza.

"Faili limeishia hapo, mama. Liliharibika."

Mama alimtazama machoni, jambo ambalo hawakuwahi kufanyiana.

"Sawa, baba," alisema. "Nirudishie mwanzo."

Video ya maharusi Mkasi aliifanya kwa siku zake, bila haraka. Viapo vilikuwa vizuri. Bibi harusi hakuwa ameagiza sauti ya mtu mwingine siku yake ya furaha, na Mkasi alijua kazi inavyotaka. Kwa hiyo aliyakata maneno ya mkewe. Neno kwa neno, "shangazi yangu mzuri," kicheko, wimbo wa puani, akaziba mapengo kwa muziki. Kila alipokata, mkono ulisimama, kisha ukaendelea. Safari hii hakufuta kilichobaki. Maharusi walipopokea, bibi harusi alipiga simu akalia, akashukuru, akasema huwezi kujua kabisa kwamba kuna kilichotokea. Mkasi akasema, "Karibuni sana," akakata simu, akakaa.

Mama mkwe aliondoka majira ya mvua yalipoanza, kwenda kuishi na mwanawe mwingine. Mkasi alimbebea begi mpaka getini. Ndani ya simu yake ndogo mama alikuwa na sauti ile, fupi, ambayo Mkasi aliigeuza tena na tena mpaka simu ikaikubali. Gari lilikuwa linangoja. Mama alishika mlango, kisha akageuka.

"Baba," alisema, "kile kipande ulichonificha, usikitupe. Mimi ndiye niliyemzaa, nilikuwepo mwanzo. Siku nikipata nguvu nitakuja nikione."

"Kipo, mama."

"Hukukiangalia peke yako?"

Mkasi akaliingiza begi garini. Mama alimshika mkono, akauacha, akapanda gari.

Hajaja bado. Mkasi siku hizi hapokei harusi. Anaunganisha matangazo ya mashule na mafunzo ya upishi, kazi zisizo na viapo. Mama Diski humpitia jioni, wakanywa chai, wakazungumza habari za watu wengine. Kipande kile kipo kwenye diski mbili, moja kwake na moja kwa Mama Diski, na tangu siku ile ya kwanza hakuna kati yao aliyekifungua.