Kifurushi Changu cha Idi Kimempa Sifa Mkwe wa Mwingine

(Aliyetuandikia anaishi Mikumi. Jina lake tumelificha kama alivyoomba.)

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na sita, mume na watoto watatu. Nina mgahawa hapa Mikumi, wateja wangu ni madereva wa malori. Nilianza na chupa mbili za chai kando ya barabara. Leo nina meza tisa na wasichana wanne wa kazi. Sijabebwa na mtu.

Idi iliyopita nilimtumia mama mkwe wangu, anayeishi Masanze, kanga doti mbili, sukari kilo tano na majani ya chai pakiti sita. Siku hizi maduka yamejaa, huwezi tena kusingizia kwamba sukari haikupatikana. Usipotuma wanajua umekataa tu. Nilimkabidhi kondakta wa basi akakiache kifurushi kwenye duka moja la Magomeni, Kilosa, ambako watu wa Masanze huchukulia mizigo yao.

Idi ikapita. Kimya. Nami sikuuliza, maana kwetu ukiuliza kama zawadi imefika unaonekana unadai shukrani. Kumbe nao wamenuna! Mwezi uliofuata tulipokwenda kusalimia, nikapiga goti: "Shikamoo mama." Akaitikia "Marahaba" huku akitazama kuku. Wifi yangu ndiye aliyefungua kinywa: "Wifi, madereva wote hao unawashibisha, mama yako ukamnyima hata robo ya sukari?"

Nilitoka pale moja kwa moja hadi Magomeni. Mwenye duka akacheka. "Dada, si kiliandikwa 'Mama Mkwe, Masanze'? Akaja bibi mmoja, nikamuuliza, una mkwe Mikumi? Akasema ninaye. Nikampa."

Ni kweli niliandika hivyo. Kwetu mke hatamki jina la mama mkwe. Ningeliandikaje juu ya boksi lisomwe na basi zima?

Kwa alivyonieleza, bibi huyo namjua, ni jirani wa mama mkwe wangu, nyumba ya tatu. Hana hila, alidhani zawadi ni zake. Anazivaa kanga zile kila shughuli na kumsifu mke wa mwanawe, ambaye anauza nyanya hapahapa Mikumi na hajawahi kumtumia hata kiberiti. Nilipomfuata huyo muuza nyanya akanijibu bila haya: "Sasa shoga, unataka nikamvue bibi wa watu kanga mwilini?"

Nimewaeleza wakwe zangu. Wifi akaguna, "Hadithi nzuri." Mume wangu naye: "Tuma kingine, omba radhi, yaishe." Radhi ya nini? Nikiomba radhi nimekiri kwamba sikutuma! Na kingine situmi mpaka wakubali kwamba cha kwanza kilitoka mikononi mwangu.

Niambieni basi. Nimpeleke mwenye duka Masanze aseme mbele ya wote, bibi asiye na kosa aaibike? Au niitwe mchoyo maisha yangu yote ili yeye aendelee kufurahi? Nishaurini, nifanye lipi kati ya hayo mawili. La kuomba radhi msiniandikie, nimeshalikataa.