Mshipa wa Mama na Ile Tarakimu Tatu

Harufu ya gundi ndiyo iliyokuwa ikituamsha. Mama alirudi asubuhi kutoka zamu kwenye kiwanda cha maboksi kule Jacobs, na gundi ile ilipanda naye lifti hadi kwenye fleti yetu ya South Beach, ikakaa kwenye mapazia, kwenye chai, hata kwenye mkate. Alichotaka ni kulala tu. Lakini Baba alikuwa keshaketi ukingoni mwa kitanda na luti aliyoiazima chuoni Westville, ala ya nyuzi ya Wazungu wa kale inayofanana na udi wa taarabu, akimsubiri.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na mtihani wake wa mwisho ulikaribia. Kibali chetu cha kuishi pale ugenini kilitegemea masomo yake. Akifeli, sote tunafungasha. Kilichomtesa ni alama za muziki. Muziki ule wa kale hauandikwi kasi yake: mwanzoni huwekwa nusu duara iliyokatwa kwa mstari, katikati hutokea tarakimu moja tu, 3, na mpigaji atajijua. Kila alipoifikia ile tatu vidole vya Baba vilitimua mbio, na mwalimu wake akamrudisha mwanzo. Pigo halibadiliki, alimwambia. Noti tatu zinaingia palipokuwa na mbili. Na pigo lenyewe likoje? Vitabu vya zamani vilisema lifuate mapigo ya mshipa wa mtu aliyetulia. Hapo tukakwama, maana nyumbani kwetu nani alikuwa ametulia? Mshipa wa Baba ulikwenda mbio kwa hofu, wangu kwa utoto. Ukabaki wa Mama.

“Mama Neema, lete mukono kidogo.”

“Niache nilale, Papa Neema. Nimechoka sana.”

“Kidogo tu. Neema, mushike.”

Nilimshika kifundo cha mkono, na kila mshipa ulipogonga nikagonga goti langu, naye Baba akafuata goti. Alipomweleza habari ya ile tatu, Mama alicheka akiwa amefumba macho. “Kumbe ni kama Jacobs. Saa iko ile ile, maboksi ndiyo wanaongeza.” Akasinzia, mkono bado ninao mimi. Niliuchukia mtihani ule kuliko kitu chochote.

Baba alifaulu, tukabaki. Watahini walisifu utulivu wa upigaji wake, na kwa miaka mingi alilirudia neno hilo mbele ya wageni.

Siku hizi Mama amestaafu, analala mpaka jua linapokuwa kali. Mimi ni muuguzi, na nikitoka zamu nachoka kama alivyochoka yeye. Juzi nilimpima mshipa, nikashangaa: unakwenda upesi kuliko ninavyoukumbuka. Nikagonga meza, Baba akachukua gitaa lake kuukuu na kupiga kipande kile kile kwa kasi hiyo. Vidole vilimsumbua, ila kikachangamka, na kwenye ile tatu Mama akaanza kutikisa mguu.

“Kumbe ilikuwa muziki ya kucheza,” Baba akasema, akaliweka gitaa chini.

Hakulitaja tena lile neno utulivu. Sote watatu tulijua ulikuwa uchovu wa Mama.